Soksi Si Fumbo: Tafsida na Sauti ya Mnyonge katika Utunzi wa Remmy Ongala

Ikisiri

Ni rahisi kuuhesabu wimbo "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala kuwa mfano mwingine wa tafsida katika nyimbo za Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba uainishaji huo unaficha jambo la msingi. Tafsida nyingi zilizozuka pamoja na UKIMWI ziliutaja ugonjwa kwa kuusogeza mbali na msemaji. Neno "soksi" lilikitaja kinga kwa kukisogeza karibu. Tofauti hiyo inatusaidia kueleza kwa nini wimbo ulikataliwa na redio ya taifa, na pia inatupa njia ya kuutathmini upya urithi wa msanii huyu.

Utangulizi

Jijini Dar es Salaam, abiria wa daladala anayeelekea Sinza anaweza kuomba ashushwe "Kwa Remmy", hata kama hajawahi kusikia wimbo wake mmoja. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 katika eneo la Kindu, mashariki mwa Kongo. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 na kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi na mwimbaji mkuu wa Super Matimila. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bendi hiyo ilishiriki matamasha ya WOMAD, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu zake mbili, Songs for the Poor Man (1989) na Mambo (1992). Katika miaka yake ya mwisho aliacha muziki wa dansi na kuimba nyimbo za Injili. Alifariki dunia tarehe 13 Desemba 2010.

Wasifu huu unajulikana. Kinachohitaji kuhakikiwa ni lugha yake. Mara nyingi nyimbo za dansi husomwa kwa kutafuta ujumbe: wimbo fulani unahimiza kazi, mwingine unakemea ulevi. Kwa usomaji wa namna hiyo, "Mambo kwa Soksi", uliotoka karibu na mwaka 1990, ni wimbo unaohimiza matumizi ya kondomu, na mjadala unakomea hapo. Hata hivyo ujumbe huohuo ulikuwa tayari ukitolewa na wataalamu wa afya. Ikiwa ujumbe haukuwa mgeni, ni kitu gani kiliufanya wimbo ushindwe kupita katika mitambo ya Redio Tanzania Dar es Salaam?

Mnyonge kama mamlaka ya kusema

Kabla ya kulichunguza neno "soksi", ni lazima tuulize ni nani anayelitamka. Ushairi wa Kiswahili una mapokeo marefu ya waadhi, na kila waadhi hujengwa juu ya mamlaka fulani. Katika Utendi wa Mwana Kupona, mamlaka hayo ni ya mama mgonjwa anayemuusia binti yake. Kwingineko huwa ni ya mzee, ya mwalimu wa dini au ya kiongozi. Anayeonya husimama juu kidogo ya anayeonywa.

Remmy aliugeuza mpangilio huo. Majina ya nyimbo zake, kama "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge", yanamweka msemaji chini kabla hajaanza kusema. Mbele ya mashabiki alijiita "sura mbaya", akauchukua mzaha ambao wengine wangeweza kumtupia na kuufanya wake. Aidha, alikuwa mgeni aliyekuja na Kiswahili chenye lafudhi ya Kongo katika jiji linalojivunia usanifu wa lugha. Nafsineni ya nyimbo zake kwa hiyo haina cheo, haina uzuri wa sura na haina hata lafudhi ya wenyeji. Imebaki na kitu kimoja tu, yaani kushiriki hali ya msikilizaji. Katika "Nalilia Mwana" inashiriki kilio cha kukosa mtoto. Katika "Kifo" inashiriki msiba ambao hakuna nyumba isiyoufahamu.

Wasikilizaji walimpa jina la "Dokta". Jina hilo lina kejeli yake, kwa kuwa daktari huyu hakuwa na hospitali wala shahada. Alipoanza kuimba kuhusu UKIMWI hakuimba kama mtu anayewaangalia wagonjwa kutoka dirishani. Aliimba kama mmoja wa wanaoweza kuugua.

Tafsida za ugonjwa na tafsida ya kinga

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Lugha ililipokea janga hilo kwa haraka. Huko Kagera ugonjwa uliitwa "Juliana", jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa mpakani. Kutoka Uganda likaja "silimu", lenye kurejelea kukonda. Mitaani watu walisema fulani "amekanyaga miwaya", au wakataja "umeme" na "ngoma". Herufi za Kiingereza AIDS nazo zilifumuliwa upya kwa mzaha mchungu: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Katika matangazo ya vifo ilisemwa kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu", na kila mmoja akajifanya hakuelewa.

Misemo hii inatofautiana kwa sauti, lakini ina mambo mawili ya pamoja. Kwanza, yote inautaja ugonjwa au mgonjwa. Pili, inamtenga msemaji na kinachosemwa. "Juliana" ni bidhaa ya wengine. Aliyekanyaga miwaya amepata ajali, na ajali humpata mwenziwe, si yeye anayesimulia. Hapa tafsida inatimiza kazi yake inayofahamika, ya kuufunika uso wa jambo ili mazungumzo yaendelee bila aibu. Hata hivyo wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Jina "Mambo kwa Soksi" limejengwa kwa njia nyingine. Lina maneno matatu tu na halina kitenzi. Kwa sababu hiyo halina mtenda wala mtendwa, na hakuna anayeshutumiwa. "Mambo" ni nomino pana kuliko zote katika Kiswahili, nayo peke yake tayari ni tafsida ya tendo la ndoa. "Kwa" hapa ni ya kifaa, kama katika "kula kwa kijiko", lakini pia inaweka sharti: mambo yawepo, ila yawe kwa njia hii. Mzigo wote unaishia kwenye neno la mwisho. Soksi ni vazi la kila siku, la bei nafuu, linalovaliwa na mtoto wa shule na karani wa ofisini. Hakuna anayeona haya kuitaja mbele ya mama mkwe.

Mtunzi angeweza kutumia "kondomu", neno la zahanati, au "mpira", neno linalobeba pia uwanja na magoli. Alichagua kitu ambacho msikilizaji amekwisha kukivaa. Sitiari hii haimfichi anayesema, kwani maana yake inafahamika papo hapo. Inaifanya kinga iwe kitu cha kawaida. Ndiyo maana tunasema soksi si fumbo. Fumbo huwagawa wasikilizaji kati ya walengwa wanaoelewa na wengine wanaobaki nje. Ufundi wa mafumbo ya taarab umesimama juu ya mgawanyiko huo, hata mtunzi akiulizwa anaweza kukana. Soksi haigawi wala haikanushiki.

Kwa nini mlango ulifungwa

Hadi vituo binafsi vilipoanza mwaka 1994, redio ya taifa ndiyo iliyokuwa njia kuu ya bendi za Tanzania Bara kurekodi na kusikika nchini kote. Redio hiyohiyo ilirusha kwa miaka mingi nyimbo za mapenzi zilizosheheni matunda, maua na vyakula ambavyo mtu mzima yeyote alijua vinamaanisha nini. Kwa hiyo hoja kwamba wimbo wa Remmy ulikataliwa kwa sababu tu ulizungumzia tendo la ndoa haitoshelezi.

Ufafanuzi wetu ni kwamba kilichokosekana ni uwezekano wa kukana. Fumbo la mapenzi liliiruhusu redio ijifanye kuwa imerusha wimbo wa maua. "Mambo kwa Soksi" haukuipa nafasi hiyo. Zaidi ya hayo, wimbo ulichukulia kwamba mambo yanafanyika na yataendelea kufanyika, ukaelekeza namna ya kubaki hai. Kuurusha kungekuwa kukubali dhana hiyo kwa sauti ya serikali, wakati ambapo lugha rasmi ya maadili ilihimiza kuacha. Wimbo ulipata njia yake kupitia kumbi za dansi na kanda, mahali ambapo mnyonge hakuhitaji idhini ya kumsikiliza mnyonge mwenziwe.

Mipaka ya soksi

Uhakiki usiishie kwenye sifa. Soksi ni vazi, na swali la nani anavaa lina jibu la kijinsia. Sitiari inamkabidhi mwanamume uamuzi. Mwanamke anabaki kuwa anayesubiri kuona kama mwenzake atavaa. Mnyonge wa Remmy, ambaye katika nyimbo nyingine anaweza kubeba uchungu wa wote, hapa anaelekea kuwa mwanamume. Msikilizaji wa kike aliyenyimwa haki ya kusema "hapana" hakupata katika neno hili silaha aliyoihitaji. Huu ni upungufu wa sitiari yenyewe, na unatukumbusha kwamba kuvunja ukimya mmoja hakuvunji yote.

Ulinganisho na kizazi kilichofuata unaonesha urithi huu ulivyo mgumu kupokelewa. Nyimbo za Bongo Fleva kuhusu UKIMWI, kama "Starehe" wa Ferooz na "Alikufa kwa Ngoma" wa Mwanafalsafa, zilivuma sana redioni. Bila shaka mazingira ya utangazaji yalikuwa yamebadilika. Hata hivyo katika nyimbo hizo jicho limerudi kwa mgonjwa, na majuto au kifo chake ndicho kinachofundisha. "Ngoma" yenyewe ni mojawapo ya tafsida za ugonjwa tulizozitaja. Maombolezo yalipata nafasi ambayo maelekezo hayakuipata.

Hitimisho

Tumedai kwamba thamani ya "Mambo kwa Soksi" haiko katika ujumbe wake peke yake, bali katika uamuzi wa kiisimu: kutaja kinga badala ya ugonjwa, kwa neno lililo karibu badala ya lililo mbali, kupitia nafsineni isiyosimama juu ya yeyote. Dai hili lina matokeo kwa uhakiki wetu. Tunapoorodhesha tafsida katika fasihi ya Kiswahili, haitoshi kuuliza neno gani limechukua nafasi ya lipi. Inafaa tuulize pia neno hilo linamlinda nani. "Aliugua kwa muda mrefu" ililinda heshima ya walio hai. Soksi ilitaka kulinda uhai wao.