"Ai" Haihitaji Kelele

Nasoma hadithi nyingi za Kiingereza za vijana wa huku kwetu, Umoja, Kayole, Dandora, Jericho. Visa viko sawa, vingine ni moto kabisa. Kinachoniudhi ni kale kajiti kenye nukta chini. Mama mboga akiulizwa deni, "Oh my God!" Jamaa akiachwa na 58 pale Jogoo Road, "Damn!" Landilodi akipiga mlango kufuli, "What!" Unamaliza ukurasa mzima wa kelele na bado hujamsikia mtu.

Si tulifunzwa hivyo? Kama ulifanya KCPE kabla haijazikwa mwaka 2023, unakumbuka insha ya Kiingereza: inaanza na "Kring! Kring!" ya saa, ama jogoo wa kuazima, halafu "Lo and behold!" Eastlands nzima sijawahi kusikia mtu akisema "lo and behold" akiwa na akili timamu. Lakini iliingiza maksi, basi tukaibeba, na sasa imeingia kwenye vitabu vyetu.

Halafu kuna kundi la pili, hawa wamesoma ushauri wa waandishi wa Marekani. Elmore Leonard aliandika mwaka 2001 kwamba unaruhusiwa alama mbili au tatu za mshangao kwa kila maneno 100,000. Sawa. (Taipureta nyingi za zamani hata hazikuwa na kitufe chake. Ulipiga koma ya juu, ukarudi nyuma, ukapiga nukta. Kushangaa kulikuwa kazi, bana.) Shida ni kwamba wasee hawa wakifuta alama, wanafuta na kihisishi chenyewe. "Ai", "woi", "aki", "haiya", zote nje, ati ndiyo Kiingereza kiwe safi. Hapo nakataa. Leonard mwenyewe alisifika kwa jinsi watu wake wanavyoongea, na alichobana ni ile alama, si mdomo wa mtu.

Ebu chukua "ai". Ikiwa fupi na inashuka, nimekataa. Ikivutwa na kupanda mwishoni, umesema nini wewe? Ikisemwa chini chini, kichwa kikitikisika, nimekuhurumia. Hakuna hata moja inayopigiwa kelele. Andika "Ai!" na zote tatu zinageuka mtu aliyekanyagwa kidole. Kiswahili kinaiita pia alama ya hisi, na hisi ina viwango. Kiingereza kiliipa jina la kupaza sauti, na ndivyo msomaji anavyoisoma.

"Woi" ndiyo inaumia zaidi. Kwenye matanga jirani anaingia, anavuta kiti cha plastiki, anasema "woi" polepole, halafu kimya mpaka chai ije. Ukiweka alama, umemfanya apige nduru. Ukitafsiri "Oh dear", umemgeuza bibi wa Kizungu kwenye filamu. Lakini mwandishi akiandika tu "Woi," she said, and sat down, koma inafanya kazi yote. Msomaji wa London asiyejua neno ataelewa kutokana na kile kiti.

Na si ati kitu hiki hakijawahi kujaribiwa. Marjorie Oludhe Macgoye, mzaliwa wa Southampton, alimleta Paulina Pumwani katika Coming to Birth, riwaya ya mwaka 1986. Msichana anapoteza mimba, anapotea mjini Nairobi ya hali ya hatari, na msimulizi hapandishi sauti. Inauma kwa sababu hiyo. Halafu mwaka 2003 Binyavanga Wainaina na wenzake wakaanzisha jarida, kwa sehemu kubwa la Kiingereza, wakaliita Kwani?, neno la mtaani kabisa, na alama ya kuuliza ikabaki palepale kwenye jalada. Wangeweza kuweka ya mshangao. Ingekuwa jarida lingine, la watoto pengine.

Sisemi tuitupe. Makanga anayeita abiria anapiga kelele kweli, mwachie yake. Lakini kuna neno moja ninaloliwazia kila nikifika kwenye alama ya ishirini ya hadithi. Ni "Mwizi!" Likipigwa saa tatu usiku, ploti nzima inatoka, wengine na mawe, na kijana anayekimbia anaweza asifike barabarani, awe ameiba au la. Hilo lazima liandikwe na alama, na msomaji lazima ashtuke. Juzi nilisoma hadithi nzuri yenye tukio hilo hasa, ya Kayole, na nikalipita bila hata kupunguza mwendo. Ukurasa wa nyuma mwandishi alikuwa amempa mtu alama tatu kwa sababu chapati zimeisha.