Jarida la wanachama Kasongo: nani hulipia karatasi, nani hulipia telefone

Jarida la chama lina kazi tatu: kueleza komite imefanya nini, kuonyesha hesabu ya michango, na kuita watu mkutanoni. Kazi hizo ni zilezile, liwe limechapwa au limetumwa kwa telefone. Kinachobadilika ni mfuko unaolipia safari ya habari. Jarida la karatasi hulipiwa na chama, nakala kwa nakala, mpaka limfikie mwanachama. La elektroniki huonekana bure kwa sababu gharama imehamia kwa mwanachama: ndiye anayenunua mega, ndiye anayelipa kuchaji betri, na telefone yenyewe aliinunua yeye. Katibu anayesema njia hiyo ni nafuu amesoma upande mmoja tu wa daftari.

Karatasi ina historia ndefu katika Kiswahili. Jarida la Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 katika shule ya Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, lilibeba habari za vituo vya misheni, na waliosoma shuleni hapo walipata humo habari za wenzao waliotawanyika. Mwaka 1957 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilianza jarida la Sauti ya TANU, nalo halikuhitaji kiwanda cha kuchapia. Lilitolewa kwa stensili, yaani karatasi nyembamba yenye nta. Huandikwa kwa taipureta isiyo na utepe, herufi zinatoboa nta, kisha stensili hufungwa kwenye silinda na wino husukumwa kupitia matundu. Stensili moja hutoa mamia ya nakala kabla ya kuchanika. Picha hazitoki vizuri, kwa hiyo majarida ya aina hiyo ni maandishi peke yake. Mwaka 1958 maneno ya Sauti ya TANU juu ya maofisa wa wilaya yalimfikisha kiongozi wa chama hicho, Julius Nyerere, mahakamani kwa kashfa, akatozwa faini ya pauni 150. Kilichochapwa na kugawiwa hakirudishwi. Kinaweza kuwa ushahidi wa chama au dhidi ya chama.

Hapa Kasongo, Kongo, hali ya karatasi ni ngumu zaidi. Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, iko zaidi ya kilomita 200 kaskazini kwa njia inayoharibika vibaya wakati wa mvua, na bidhaa nyingi husafiri zikisukumwa kwa baiskeli. Kwa hiyo chama kidogo hutegemea fotokopi ya mjini, na pale mashine inapoendeshwa kwa jenereta, bei ya ukurasa inabeba bei ya mafuta. Lakini kosa la kawaida katika hesabu hii ni kuzidisha bei ya ukurasa kwa idadi ya wanachama. Tuseme chama kina watu 200 katika matawi 10. Kinahitaji nakala 10 zilizobandikwa vizuri, pamoja na moja ya ofisi. Ukurasa mmoja pande mbili hubandikwa mlangoni mwa kanisa, msikitini au kwenye ubao wa shule. Mwenye kusoma huwasomea wengine. Nakala ya kwenda Kabambare, upande wa mashariki, husubiri msafiri, na tarehe ya mkutano iliyoandikwa humo lazima ihesabu siku hizo za kusubiri.

Telefone huondoa kusubiri huko, ila huleta mipaka mingine ambayo makatibu huigundua baadaye. WhatsApp huhifadhi ujumbe usiopokelewa kwa siku 30, kisha huufuta. Mwanachama aliyekwenda machimbo ya dhahabu au shamba lisilo na mtandao kwa miezi miwili hatapata yaliyotumwa mwezi wa kwanza, wala hatajua kuna kilichompita. Uzito nao si sawa. Ukurasa wa maandishi peke yake ni kilobaiti chache. Dakika moja ya sauti huwa kilobaiti 100 au zaidi. Faili la PDF lenye nembo na picha za komite hufika megabaiti kadhaa kwa urahisi, na hilo ndilo hutumwa mara nyingi, eti kwa kuwa linafanana na jarida la kweli. Anayenunua mega kidogo kidogo huliacha bila kulifungua. Asiye na mega anaweza kulipokea kwa Bluetooth kutoka telefone ya jirani, na hapo jarida la elektroniki linatembea kwa miguu kama la karatasi.

SMS hufika hata kwenye telefone ndogo ya vitufe. Ujumbe mmoja una herufi 160. Hapa kuna mtego mdogo: katibu akinakili maneno kutoka kompyuta yenye ritifaa iliyopinda, kama katika «ng’ombe», mfumo hubadili namna ya kuhesabu na nafasi hushuka hadi herufi 70. Mwaliko uliotosha ujumbe mmoja unalipiwa mara mbili au tatu. Ritifaa iliyonyooka haileti shida hiyo.

Ujumbe wa sauti ni mzito kuliko maandishi, lakini kwa mwaliko unafaa kuliko vyote, hasa mahali ambapo kanuni za chama ziliandikwa Kifaransa na mazungumzo ya wanachama ni Kiswahili. Humfikia asiyesoma bila kupitia mdomo wa mtu mwingine. Kwa hesabu haufai. Hakuna awezaye kurudi kwenye dakika ya nne kutafuta kiasi kilichotolewa kununua mbegu, na tarakimu ikisikika vibaya mara moja huzaa ugomvi wa mwaka mzima. Hesabu zinataka karatasi, zikiwa na saini ya mtunza fedha.

Kuhifadhi ndiko kunakopewa nafasi ndogo zaidi. Telefone ya katibu ikiibiwa au ikifutwa, majarida ya miaka huenda nayo, na katibu mpya huanza na kikundi kitupu. Karatasi nayo huliwa na mchwa na unyevu, lakini nakala mbili katika nyumba mbili tofauti hupunguza hatari hiyo kwa gharama ndogo. Kila toleo likiwa na namba na tarehe, na nakala ya kila tawi ikirudi ofisini na saini ya aliyeipokea, ofisi hupata pia jibu kwa mwanachama anayedai mkutanoni kwamba tawi lake halikuarifiwa.