Neno "Kupatanishwa" katika Biblia ya Kiswahili ya 1952

Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952, ijulikanayo kwa jina la Union Version, ilikusudiwa kuwakutanisha wasomaji wa Kimvita na wa Kiunguja, na kwa hilo imesifiwa vya kutosha. Lililosalia ni kuchunguza jinsi ilivyolitwika neno moja, -patana, mizigo miwili.

Katika Wakorintho wa Pili, sura ya 5, Paulo atumia kitenzi cha Kiyunani chenye asili ya kubadilishana, kama wafanyavyo wavunjao fedha. Kiswahili nacho kilichukua neno la sokoni: watu wa Kasoli, wilayani Bariadi, wakikubaliana bei ya ng'ombe, wamepatana. Lakini -ana hutaka wawili, kila mmoja alegeze kidogo. Kwa Paulo sivyo. Aliyekosewa ndiye aliyeanza. Wafasiri waliiponya maana kwa vinyambuo: mtu hapatani na Mungu, bali hupatanishwa.

Tena pana "na". Baada ya kauli ya kutendwa, "na" huweza kumtaja mtenda, kama katika "alipigwa na baba", au kumtaja mwenzi. Basi kupatanishwa na Mungu ni kurudishwa kwake, na pia ni kurudishwa naye. Kiyunani cha aya ya 20 kina maana ile ya kwanza tu. Lakini aya ya 18 yamtaja Mungu mwenyewe kuwa mpatanishi. Mwanasarufi mkali angeiita kasoro. Hapa ni utajiri, hata kama haukukusudiwa.

Lisilosameheka kwa urahisi ni Warumi 3:25. Hapo Kiyunani kina neno jingine kabisa, la kafara ifunikayo dhambi, lakini wafasiri walirudia "upatanisho". Nia yao yaeleweka: walitaka Warumi ifungamane na Walawi. Ila msikilizaji asiyejua Kiyunani, naye ni karibu kila msikilizaji, aweza kutoka kanisani akidhani Mungu alitulizwa kwa malipo, kama mwenye shamba aliyelipwa fidia ya mazao yaliyoliwa. Kwa mtu atakaye kutubu, tofauti hiyo si ndogo: amwendee mdai, au amwendee aliyekwisha kumtafuta?

Habari Njema ya 1996 imeyatenganisha. Katika Warumi yataja kuondolewa dhambi. Imepata uwazi, ikakata uzi wa Walawi. Hata hivyo ile ya 1952 ingali ikisomwa ibadani, na kazi ya kutenganisha imeachiwa mhubiri.