Hongereni, Wavuvi wa Bukoba

Sisi wa Kayanga na Nkwenda tumekulia vilimani, kati ya migomba na mibuni. Maji mengi tuliyoyazoea ni ya ndoo. Nilipoteremka Bukoba kujifunza kuogelea ziwani, mvuvi mmoja alinisimamisha ufukweni, maji kifuani, akaniambia nizamishe uso na kutoa pumzi polepole hadi nione mapovu. Asubuhi nzima ikawa hilo tu.

Ni wavuvi wa ziwa hilohilo waliotangulia kufika tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ilipotumbukia majini karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Walikwenda na mitumbwi na makasia. Kijana Majaliwa Jackson alisaidia kufungua mlango. Watu 19 walifariki; 24 waliokoka.