"Kama ya Nyumbani" Si Kipimo

Insha nyingi za Wakenya walio majuu zina ile safari ya kusaka unga wa ugali na chapati za maana. Hukumu huwa moja: inafanana na ya nyumbani, au haifanani. Kipimo hiki kinamfuta mpishi.

Cheki pastrami ya New York. Wahamiaji Wayahudi kutoka Romania waliijua kama nyama ya bata bukini. Marekani, nyama ya ng'ombe ilikuwa rahisi kupata, basi wakabadilisha nyama, wakabaki na chumvi, viungo na moshi. Leo watu wanapiga foleni Katz's, duka la tangu 1888, na hakuna anayelia eti bata yuko wapi.

Hata chapo yetu ina asili ya India. Tukaimwagia madondo, ikawa yetu, na Krismasi bila chapo ni Krismasi gani?

Kwa hivyo mwandishi akila sambusa kwa Wasomali wa Minneapolis, asituhesabie tu ilichokosa. Atuambie nani ameikunja, amebadilisha nini, na kwa nini. Kummiss mama ni sawa, lakini hiyo pekee bado si insha.