Kitabu cha Kuchagulia Chuo

Kitabu kiitwacho The Newman Guide, kilichotolewa kwanza Marekani mwaka 2007, chataka kuwaongoza wazazi Wakatoliki wawatafutiao watoto wao chuo. Kipimo chake kikubwa ni hiki: je, chuo chashika kweli mafundisho ya Kanisa? Kwa kipimo hicho Georgetown, chuo cha Wajesuiti kilichoanzishwa mwaka 1789, hakimo. Swali hilo ni la haki, wala hatulilaumu. Lakini twaona halitoshi.

Mathalani, humo chasifiwa Thomas Aquinas College cha California, kilichofunguliwa mwaka 1971. Huko wanafunzi wote husoma masomo yale yale, hakuna kuchagua. Huvisoma vitabu vya Aristotle na vya Mtakatifu Thomas vyenyewe, kisha huketi mezani wakajadiliana. Kwa kijana apendaye kuuliza, hiyo ni karamu. Nasi waalimu twaionea wivu. Lakini je, binti atakaye kuwa mwuguzi? Catholic University of America cha Washington chafundisha uuguzi, nacho kimesifiwa humo humo. Basi kwa imani vyuo hivi viwili ni sawa, bali kwa binti huyu kimoja ni miaka minne na fedha za baba yake zilizopotea.