Ayubu Alirudishiwa Nini?

Mwaka juzi tulimzika binamu yangu Kaloleni. Alikuwa na miaka 19, akiendesha boda boda, na lori lililomgonga usiku halikuwa na taa. Siku ya mazishi mhubiri alisimama chini ya hema akafungua Kitabu cha Ayubu. Alisoma sura ya kwanza haraka haraka, akaruka hadi sura ya 42, ambayo ndiyo ya mwisho, kisha akamgeukia shangazi yangu aliyekuwa ameketi mkekani, leso imemfunika kichwa. Ayubu alirudishiwa maradufu, akasema. Na wewe mama utarudishiwa maradufu! Hema zima likaitikia amina. Mimi pia niliitikia. Mazishini ukikaa kimya utaulizwa una shida gani.

Usiku, watu wakinywa kahawa, ubishi ukazuka. Kijana mmoja wa chuo kikuu alisema hiyo ni hadithi tu, kama zile za sungura na fisi, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuitwa Ayubu. Mwenzake, mwimbaji wa kwaya, akamwambia akimtoa Ayubu atamtoa Yona, akimtoa Yona atamtoa Nuhu, na mwisho atabaki ameshika jalada tupu. Ndipo mzee mmoja Mwislamu, jirani yetu wa miaka mingi ambaye ujanani alifanya kazi Omani, akawakata wote wawili: "Wanangu, mnabishana nini? Kaburi la Nabii Ayubu liko Salalah. Mimi nimelizuru." Wakanyamaza. Walinyamaza kwa heshima, lakini hakuna aliyeshawishika.

Mzee alisema kweli. Katika milima iliyo juu ya mji wa Salalah, mkoa wa Dhofar, kuna kaburi la Nabii Ayubu na watu hulizuru. Shida ni kwamba Ayubu ana ziara nyingine Niha, katika milima ya Lebanoni, na huko Bukhara, Uzbekistani, kuna jengo la kale liitwalo Chashma-Ayub, yaani chemchemi ya Ayubu. Mtu mmoja, makaburi na ziara katika nchi kadhaa. Mwanafunzi wetu angelijua hili angelipiga makofi. Mimi naona linasema jambo jingine: watu waliosikia kisa hiki walitaka mahali pa kusimama na kusema, hapa ndipo. Hata ile barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko leo ina makumbusho yanayoitwa Nyumba ya Wageni ya Msamaria Mwema, ingawa Yesu alimtaja Msamaria katika mfano, na sijawahi kusikia muumini akidai jina la punda wake.

Sasa, hebu tukisome kitabu chenyewe. Naona vijana wale wawili, pamoja na kelele zote, wanakisoma kwa njia moja. Kila mmoja anakichukua kama taarifa iliyoandikwa kwenye OB ya kituo cha polisi. Mmoja anasema taarifa ni ya kweli, mwenzake anasema ni ya uongo, na hakuna anayeuliza kama kweli hii ni taarifa.

Tazama kinavyoanza. Mtu mmoja, nchi ya mbali, wana saba na mabinti watatu, kondoo 7,000 na ngamia 3,000. Saba na tatu, saba na tatu. Halafu siku moja wajumbe wanne wanafika kwa Ayubu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akifika kabla mwenzake hajamaliza kusema, na kila mmoja anamalizia kwa maneno yale yale kwamba ni yeye peke yake aliyenusurika. Yeyote aliyelelewa na bibi anayejua kutamba hadithi anautambua mpigo huo. Kisha baada ya sura mbili za kisa tunaingia kwenye ushairi, na ushairi huo unakwenda hadi mwanzoni mwa sura ya 42. Mtu mwenye majipu kutoka utosini hadi nyayoni, ameketi majivuni anajikuna kwa kigae, anabishana na marafiki zake kwa beti zilizopangwa mstari kwa mstari, na marafiki nao wanamjibu kwa beti. Kwani nani alikuwa pale na kalamu?

Watu wa pwani hawakuhitaji chuo kikuu kuwaambia hili. Upo Utenzi wa Ayubu, na watunzi wa tenzi walijua vizuri kazi waliyokuwa wakifanya. Mfano ulio wazi zaidi ni Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728. Unahusu safari ya Mtume kwenda Tabuk mwaka 630, safari ambayo katika tarehe za Waislamu wenyewe iliisha bila vita kupiganwa, kwa sababu jeshi la Warumi halikuonekana. Utenzini panga zinachomolewa na mashujaa wanaanguka. Pwani iliuhifadhi kama hazina. Na lugha yetu yenyewe imekataa kuchagua upande: neno hadithi ni la sungura na fisi, na ni hilo hilo la maneno ya Mtume yaliyopokelewa kwa mlolongo wa wapokezi wanaotajwa mmoja mmoja. Kisa nacho ni tukio, ni simulizi, na ni sababu. Ukiniuliza "kisa gani?" sijui bado kama unataka nikuhadithie au nijitetee.

Ubishi wa pale kwenye kahawa si mpya hata kidogo. Katika Talmudi ya Babeli, kwenye sehemu iitwayo Bava Batra, mwanachuoni mmoja anasema Ayubu hakuwahi kuwako wala kuumbwa, alikuwa mfano tu. Anajibiwa kwamba kitabu kinataja jina la mtu na nchi yake. Linaletwa swali: na yule maskini wa Nathani mwenye mwanakondoo mmoja je, naye alikuwako? Jibu linarudi pale pale: kama ni mfano, jina na mji vya nini? Na mambo yanaachwa hapo. Mabishano hayo yalifanyika kati ya watu walioamini kila herufi ya kitabu hicho, na hakuna aliyeitwa kafiri.

Huo mfano wa Nathani ndio unaonishughulisha. Mfalme Daudi amemchukua mke wa Uria na kumpeleka Uria mstari wa mbele akauawe. Nathani haendi na mashtaka. Anampelekea kisa cha tajiri mwenye makundi ya mifugo aliyempokonya maskini mwanakondoo wake wa pekee, aliyelala kifuani pake kama binti. Daudi anakipokea kama habari ya kweli! Anakasirika, anaapa kwamba tajiri huyo lazima afe. Hapo Nathani anamwambia kwamba tajiri huyo ni yeye. Daudi angelisema "hiyo ni hadithi tu", kisa kisingemgusa. Na angelituma askari wakamtafute tajiri mwenyewe na kuhesabu mifugo yake, pia kisingemgusa. Msikilizaji wa aina hiyo ndiye Kitabu cha Ayubu kinamtaka, na ndiye tuliyemkosa chini ya lile hema.

Maana mhubiri wetu alikosea wapi? Hakukosea kuamini kwamba Ayubu aliishi. Ezekieli anamtaja pamoja na Nuhu na Danieli, Yakobo anausifu uvumilivu wake, na Kurani inamhesabu kati ya manabii; mwenye kuamini hivyo yuko katika kundi kubwa na la heshima. Alikosea hesabu. Nenda kasome mwenyewe. Mwishoni kondoo wanakuwa 14,000, ngamia 6,000, jozi za ng'ombe 1,000 na punda 1,000. Kila kitu maradufu. Watoto je? Wana saba na mabinti watatu. Kumi, kama mwanzo. Wapo wafafanuzi wanaosema ni kwa sababu wale wa kwanza hawakupotea, wanamsubiri ahera. Ni faraja nzuri, ila kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Kinaweka idadi mbele yako na kunyamaza. Kurani, katika Sura ya Al-Anbiyaa, inasema Mwenyezi Mungu alimrudishia watu wake na mfano wao pamoja nao, na hapo ndipo maradufu inapofika kwa watu. Mhubiri wetu, bila kujua, alikuwa karibu zaidi na msahafu wa jirani yetu kuliko Biblia aliyoishika mkononi.

Tena, anayesema kila neno lilitokea hivyo hivyo ana deni zito zaidi la kulipa. Sura ya kwanza ina mazungumzo mbinguni. Mungu anamsifu Ayubu, mpinzani anasema anamcha Mungu kwa sababu analipwa, na Mungu anampa ruhusa ya kumjaribu. Watoto kumi wanafia ndani ya nyumba moja ili swali lipate jibu. Kama ni historia, basi ni historia ya jambo la kutisha, na mtu anayeisoma mbele ya mama aliyefiwa amejieleza vipi? Wengi hujitoa hapo kwa kumtupia Shetani mzigo. Lakini kwa Kiebrania neno hilo hapa linakuja na kiambishi cha kulifanya cheo, si jina: "yule mshtaki", kama kiongozi wa mashtaka katika baraza la mfalme. Tafsiri zetu zimeandika Shetani, na neno hilo kwa masikio ya Kiswahili linaleta mapembe, pepo na mashetani wa kupungwa. Mfasiri alishatuamulia nusu ya ubishi kabla hatujafungua mdomo. Ajabu ni kwamba mshtaki huyo harudi tena sura ya 42. Hakuna anayemwambia Ayubu kwamba kulikuwa na jaribio. Anakufa mzee, amejaa siku, bila kuambiwa kwa nini.

Kwa hiyo mimi nasimama na wanaosema ni utungo, na mkubwa. Lakini sisimami na yule kijana wa chuo kikuu, kwa sababu ya lile neno lake "tu". Alilisema, akamaliza kahawa, akaenda kulala. Kusema "ni ishara tu" ni njia nyingine ya kutoroka, na wasomi tumeizoea kupita kiasi. Elifazi, Bildadi na Sofari nao walikuwa wasomi. Walikuja, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki kweli kweli. Walipofungua mdomo ndipo mambo yalipoharibika. Walimgeuza mtu kuwa mfano wa kanuni: aliyepatwa na haya lazima amekosa. Mungu anapokuja kuamua, anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Ayubu aliyelaani siku aliyozaliwa! Aliyemwita Mungu mahakamani! Huyo ndiye anayetangazwa kuwa amesema sawa. Mahubiri ya kuruka kutoka sura ya kwanza hadi ya 42 yanamkata ulimi huyu Ayubu na kutuachia mvumilivu asiye na la kusema. Tukisema mtu ana subira ya Ayubu, ni wa sura mbili za mwanzo tunayemkumbuka.

Kipo kipande kimoja kidogo sura ya 42 ambacho sijawahi kukisikia mazishini, na kingetufaa kuliko vyote. Ndugu zake, dada zake na wote waliomjua zamani wanakuja nyumbani kwake, wanakula naye chakula, wanamlilia na kumfariji, na kila mmoja anampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Ni mchango wa matanga, kabisa! Kitabu kinautaja baada ya kusema kwamba amerudishiwa mali maradufu. Kwa hiyo ng'ombe wapo zizini, na bado watu wanakuja kumlilia.

Kesho yake asubuhi hema lilikuwa linashushwa na sisi tunaosha sufuria. Shangazi akaniita pale alipoketi. Nilidhani anataka nimpigie hesabu za michango. "Wewe mwana wa kaka yangu ndiye unayesoma vitabu," akasema. "Wale watoto wa Ayubu wa kwanza, waliitwa nani?"

Nikafungua Biblia kwenye simu. Mabinti watatu wa mwisho wanatajwa: Yemima, Kezia, Keren-hapuki, inasemwa walikuwa wazuri na walipewa urithi pamoja na kaka zao. Nikarudi sura ya kwanza, nikasoma polepole kidole kikiwa kwenye kioo. Nikamwambia majina hayakuandikwa.

Alikaa kimya kidogo. "Mama yao aliyajua," akasema, kisha akaniambia niende jikoni nikaangalie kama maji ya chai yamechemka.